Nuru za Kaskazini na Sala ya Isha



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Aliyeumba mbingu na ardhi na Akajaalia kupishana kwa usiku na mchana kuwa ishara kwa wenye akili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Zama zetu hizi ni zama za kusafiri. Zamani mtu wa bara alisafiri kwa ajili ya biashara, au elimu, au Hija, au kumzika ndugu. Leo wako wanaosafiri kwa ajili ya kutazama tu. Miongoni mwa safari zinazotamaniwa ni ile ya kwenda kaskazini ya dunia, katika nchi za Norwei, Uswidi na Ufini, wakati wa baridi kali, ili kuziona nuru zinazocheza mbinguni usiku, za kijani, nyekundu na zambarau. Kijana amekaa Mugeta, wilayani Bunda, anaziona picha hizo katika simu yake, na moyo wake unaruka. Anaanza kuuliza nauli, anauliza koti, anauliza mwezi gani ni mzuri.

Kutamani kuyaona maumbile ya Mola si dhambi. Qur'ani yenyewe imetuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame. Lakini kabla hujafunga mzigo, ndugu yangu, ni vyema uwaulize waliokutangulia. Je, wako Waislamu waliofika huko zamani? Walijiandaa vipi? Waliona nini? Na kubwa kuliko yote, sala zao walizisali vipi mahali ambapo jua halifuati desturi tuliyoizoea sisi?

Mchana na usiku wa Mugeta

Tuanze nyumbani. Mugeta iko karibu na mstari wa Ikweta, kiasi cha daraja mbili tu kusini yake. Kwa sababu hiyo mchana na usiku wa hapo hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Tofauti baina ya mchana ulio mrefu kuliko yote na ulio mfupi kuliko yote haizidi robo saa hivi. Mkulima wa pamba au wa mtama haoni tofauti hiyo. Kwake jua huchomoza na kutua wakati ule ule, masika na kiangazi.

Hata hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya neema hiyo. Mswahili huanza kuhesabu mchana pale jua linapotoka, na usiku pale linapotua: saa moja asubuhi, saa moja usiku. Hesabu hii inafaa mno katika nchi ambayo usiku na mchana ni ndugu pacha. Muadhini wa Mara akiadhini Magharibi, anajua kwamba baada ya saa moja na dakika chache wekundu wa shafaki utakuwa umetoweka, na Isha imeingia. Hana haja ya kusumbuka.

Sasa mchukue mtu huyu umpeleke Tromsø, mji ulio kaskazini kabisa ya Norwei, ambao watu wengi huuendea kwa ajili ya nuru hizo. Huko, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halichomozi kabisa. Na katika kiangazi chao huja majuma kadhaa ambayo jua halitui. Saa moja asubuhi iko wapi hapo? Magharibi iko wapi? Mambo haya si mapya kwa umma wetu. Yamewakuta Waislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Msafara wa mwaka 309

Mwezi 11 Safar mwaka 309 Hijria, sawa na tarehe 21 Juni 921, msafara uliondoka Baghdad kwa amri ya Khalifa al-Muqtadir. Ulikuwa ukienda kwa mfalme wa Wabulghari, watu waliokaa kando ya mto Volga, katika nchi ambayo leo ni Urusi. Mfalme huyo, jina lake Almish, alikuwa ameingia katika Uislamu, akaomba aletewe mtu wa kuwafundisha watu wake dini, wamjengee msikiti na mimbari, na wampe mali ya kujenga ngome ya kujikinga na maadui zake. Katika msafara huo alikuwamo mtu aitwaye Ahmad ibn Fadlan. Kazi yake ilikuwa kuisoma barua ya Khalifa mbele ya mfalme, kukabidhi zawadi, na kuwasimamia mafakihi na waalimu.

Walipofika Jurjaniyya, katika nchi ya Khwarazm, baridi iliwashika. Mto Jayhun uliganda mwanzo wake hadi mwisho wake, na barafu yake ilikuwa na unene wa shibri 17. Farasi, punda na magari yalipita juu yake kama yanavyopita barabarani. Ibn Fadlan alidhani kwamba mlango wa Zamharir, ile baridi iliyotajwa katika Suratul Insan, umefunguliwa juu yao. Alikuwa akitoka hamamuni, na akifika nyumbani ndevu zake zimekuwa donge la barafu, hata azisogeze karibu na moto ziyeyuke. Katika nchi hiyo mtu akitaka kumkirimu rafiki yake humwambia twende kwangu, nina moto mzuri.

Hapo ndipo tunapoona maandalizi ya safari ya baridi. Walingoja miezi kadhaa hadi barafu ilipoanza kuachia. Walinunua ngamia wa Kituruki. Walitengeneza mitumbwi ya ngozi za ngamia ya kuvukia mito. Walichukua mkate, nafaka mfano wa uwele, na nyama iliyokaushwa kwa chumvi, ya kuwatosha miezi mitatu. Wenyeji waliwaonya wazidishe nguo, nao wakazidisha: kanzu, juu yake joho, juu yake ngozi ya manyoya, juu yake vazi zito la sufi, na viatu juu ya viatu, hata mtu akipanda ngamia hawezi kujigeuza. Na bado, walipoingia jangwani, waliona kwamba baridi ya Khwarazm ilikuwa kama siku za kiangazi.

Ndugu msomaji, shika jambo moja hapa. Ulipofika wakati wa kuondoka, yule fakihi na yule mwalimu waliotoka nao Baghdad walibaki nyuma kwa kuiogopa nchi ile. Msafara uliotumwa kwenda kufundisha dini ukaenda bila mafakihi wake. Ibn Fadlan, aliyekuwa msimamizi tu, ndiye aliyelazimika kuyabeba masuala yote ya dini mbele ya mfalme. Walikuwa na nguo tele na chakula tele, na upungufu wao ukawa katika elimu.

Aliyoyaona mbinguni

Baada ya safari ya siku 70 walifika kwa mfalme, mwezi 12 Muharram mwaka 310, sawa na tarehe 12 Mei 922. Ibn Fadlan anaeleza kwamba katika siku za mwanzo, kabla ya jua kutua, aliona upeo wa mbingu umekuwa mwekundu sana, akasikia sauti na makelele hewani. Akainua kichwa, akaona wingu jekundu kama moto, na ndani yake mfano wa watu na farasi wenye pinde, mikuki na panga. Likatokea kundi jingine mfano wake, yakawa yanashambuliana, mara yanachanganyika, mara yanaachana. Hali iliendelea hivyo hadi sehemu ya usiku, kisha vyote vikatoweka.

Wageni wale walishikwa na hofu, wakaanza kumwomba Mwenyezi Mungu na kunyenyekea. Wenyeji wakawacheka, na kustaajabia hofu yao. Walipomuuliza mfalme, alijibu kwamba babu zake walikuwa wakisema hao ni majini waumini na majini makafiri, hupigana kila jioni.

Wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba maelezo haya ni ya nuru za kaskazini. Ukiyasoma kwa makini utaona adabu mbili za kuigwa. Kwanza, alipoona asilolielewa, alirejea kwa Mola wake. Hakuona haya kuomba dua mbele ya watu wanaomcheka. Pili, alipokuja kuandika, aliyatenga mambo. Aliloliona kwa macho alisema ameliona, na habari ya majini aliiacha kuwa kauli ya mfalme aliyoipokea kwa babu zake. Sisi tunaamini kuwa majini wapo, kwani Qur'ani imewataja. Lakini hatukuamrishwa kuwabebesha majini kila tusilolijua.

Na kicheko kile cha wenyeji nacho kina somo. Ajabu ya mgeni ni mazoea ya mwenyeji. Wilaya ya Bunda inapakana na Hifadhi ya Serengeti, na watu huvuka bahari wakapanga mwaka mzima ili kuwaona nyumbu wakihama, na wengine machozi huwatoka. Mwenyeji huwapita kama anavyopita ng'ombe. Basi anayetaka kwenda kuzitazama ishara za Mola mwisho wa dunia, na ajiulize kwanza kama amezitazama zile zilizoko mlangoni kwake.

Chungu kisichotokota

Lakini jambo lililomshughulisha Ibn Fadlan kuliko wingu jekundu lilikuwa usiku. Siku moja aliingia hemani pamoja na mshonaji nguo wa mfalme, mtu wa Baghdad kama yeye, wakawa wanazungumza huku wakingoja adhana ya Isha. Mazungumzo yenyewe hayakuwa marefu. Adhana ikalia, wakatoka nje. Kumbe alfajiri imekwisha chomoza! Akamuuliza muadhini ameadhini nini. Akajibu, Alfajiri. Na Isha je? Akasema, sisi tunaisali pamoja na Magharibi. Na usiku? Akasema, ndio kama unavyouona, na ulikuwa mfupi zaidi ya huu. Muadhini huyo alikuwa hajalala usiku kwa muda wa mwezi mzima, kwa kuchelea Alfajiri isimpite. Na katika nchi ile mtu huteleka chungu wakati wa Magharibi, akasali Alfajiri nacho hakijatokota.

Angalia basi, ndugu yangu. Watu wale walikuwa wageni katika Uislamu, wako mwisho wa dunia, mafakihi wamewaogopa wasiwafikie, na bado muadhini wao alikesha mwezi mzima ili sala moja isipotee. Sisi tuliopewa usiku wa saa 12 kila siku ya mwaka, tunasema nini mbele ya muadhini yule?

Suala hili halikuishia hemani. Katika karne zilizofuata wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi walilijadili sana: katika nchi ambayo shafaki haitoweki mpaka alfajiri inachomoza, je, Isha ni wajibu? Al-Baqqali wa Khwarazm alisema si wajibu, kwa sababu wakati wake haukupatikana. Alilinganisha na mtu aliyekatwa mikono: hawezi kuwajibishwa kuiosha katika udhu, kwa sababu mahali pa kuosha hapapo. Ibn al-Humam, mwanachuoni mkubwa wa Misri aliyefariki mwaka 861 Hijria, aliikataa hoja hiyo. Alisema kukosekana kiungo si sawa na kukosekana alama. Wakati ni alama tu ya sala, na sala tano zimethibiti kwa dalili nyingine.

Dalili yake kubwa ni hadithi ya Dajjal aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwaeleza Masahaba kwamba katika siku za Dajjal iko siku itakayokuwa kama mwaka mzima. Masahaba hawakuuliza watakula nini katika siku hiyo. Waliuliza kama sala za siku moja zitawatosha. Mtume (s.a.w.) akawajibu kwamba hazitatosha, bali wapime na kukadiria. Na mwaka 1870, katika nchi ile ile ya Volga, Shihabuddin al-Marjani wa Kazan aliandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba Isha ni wajibu hata kama shafaki haikutoweka.

Hili ndilo shina la makala haya: alama inaweza kutoweka, lakini wajibu hautoweki.

Aliyegeuka na aliyeendelea

Msafiri Ibn Battuta tunamjua sisi watu wa Afrika Mashariki, kwani alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Katika kitabu cha safari zake amesema pia kwamba alifika Bulghar katika mwezi wa Ramadhani. Walifuturu, wakasali Magharibi, Isha, Tarawehe na Witri, na mara alfajiri ikachomoza. Wanahistoria wengi wana shaka kama kweli alifika huko. Lakini yeye mwenyewe anasema alitaka kuendelea hadi Nchi ya Giza, mwendo wa siku 40 mbele, kisha akaiacha nia hiyo kwa sababu gharama ilikuwa kubwa na faida yake ndogo. Mtu aliyeizunguka nusu ya dunia hakuona aibu kugeuka!

Na yuko mwenzetu aliyetumia lugha yetu hii. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mzaliwa wa Visiwa vya Ngazija, alifuatana na Mjerumani aitwaye Bumiller katika safari ya Urusi na Siberia. Habari za safari yake zilichapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Basi asikuambie mtu kwamba nchi za barafu hazijaandikwa kwa Kiswahili.

Nuru hizo ni kitu gani?

Elimu ya leo imefafanua mengi. Jua hutoa upepo wa chembe ndogo mno zenye umeme. Dunia imezungukwa na nguvu ya sumaku inayotukinga, na nguvu hiyo huzielekeza chembe hizo kwenye maeneo yanayozunguka ncha za kaskazini na kusini. Huko hugonga hewa ya juu sana. Oksijeni iliyo juu kiasi cha kilomita 100 hadi 150 hutoa nuru ya kijani. Iliyo juu zaidi ya kilomita 200 hutoa nyekundu. Na naitrojeni hutoa buluu na zambarau.

Mnorwei Kristian Birkeland aliifuatilia elimu hii kwa taabu. Majira ya baridi ya 1899 na 1900 alikaa na wenzake juu ya mlima Haldde, na mmoja wao alikufa katika maporomoko ya theluji. Baadaye aliweka tufe la sumaku ndani ya sanduku lililotolewa hewa, akapitisha umeme, na nuru ikazizunguka ncha zake. Birkeland alifariki mwaka 1917 wengi hawajakubaliana naye; ushahidi wa satelaiti ulikuja nusu karne baadaye. Kujua sababu hakuondoi ajabu. Mwenye kujua kwamba nuru ile ni alama ya ngao iliyowekwa kuilinda ardhi yake, humshukuru aliyeiweka.

Ewe uliyetia nia

Ikiwa baada ya haya yote bado unataka kwenda, basi panga kama wapangavyo wenye akili.

Kwanza, pima uwezo wako. Safari ya kutazama haifai kufanywa kwa deni, wala kwa kuwapunja wazazi na watoto. Na kama una mali ya kukufikisha Norwei na hujahiji, jiulize ni nani anayestahiki kutangulizwa.

Pili, jua msimu. Nuru hizi zinataka giza. Kuanzia Septemba hadi Machi ndio wakati wake. Katika kiangazi cha huko mbingu haziwi nyeusi. Zinataka pia usiku usio na mawingu, na mahali palipo mbali na taa za mji. Shughuli za jua nazo hupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka kama 11. Mei 2024 dhoruba kubwa ya jua ilizifanya zionekane mbali sana na maeneo yake ya kawaida. Hata hivyo hakuna awezaye kukuahidi. Usiende siku moja ukarudi ukilalamika; kaa siku kadhaa, na uwe radhi kurudi bila kuziona.

Tatu, vaa kama Ibn Fadlan: nguo juu ya nguo. Na katika dini yetu kuna wepesi wa baridi. Msafiri aliyevaa khufu za ngozi akiwa na udhu ameruhusiwa kupangusa juu yake siku tatu na usiku wake, badala ya kuosha miguu. Anayehofia madhara ya maji, na hana njia ya kuyapasha moto, iko tayamamu. Zisome hukumu hizi ungali Mugeta, kwani huko mtu hafunguliwi kitabu juu ya theluji.

Nne, na hili ndilo la kwanza kwa uzito: jua utasali vipi. Wako wanavyuoni wanaosema ufuate nyakati za mji ulio karibu ambao usiku na mchana wake hutengana, na wako wanaosema ufuate nyakati za Makka. Muulize shekhe wako kabla ya kuondoka, ushike kauli moja, uandike ratiba yako. Usiende na koti la thamani huku fakihi wako amebaki Jurjaniyya.

Tano, ukirudi, simulia kwa amana. Uliloliona useme umeliona, na ulilolisikia useme umelisikia. Picha ya simu huonyesha rangi kuliko jicho. Usiwadanganye watu wa nyumbani.

Na ewe usiye na nauli, usisikitike. Toka nje usiku huu hapo Mugeta, kabla ya Isha, utazame wekundu wa shafaki unavyofifia kidogo kidogo hata nyota zikajaa. Kwa Waislamu wa Bulghar shafaki hiyo haikutoweka. Wewe unaipata kila siku, bila koti wala pasi ya kusafiria, na mara tu inapoondoka unaitwa kwenye sala yako. Basi inuka uende.

Mwenyezi Mungu Atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotazama wakazingatia, na Atudumishe katika sala, nchini mwetu na ugenini. Amin.

Wabillahi tawfiq.